Sekunde Kumi na Nne

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa moja asubuhi, Marie-Thérèse alikuwa katikati ya shamba lake la Kasungami aking'oa magugu ya mwisho. Mahindi yalikuwa yamempita kichwa. Nywele za masuke zilikuwa zimeanza kugeuka kahawia, na yeye alikadiria wiki tano kabla ya kuvuna. Shamba hilo alilifyeka mwenyewe na marehemu mumewe, David, miaka kumi na tisa iliyopita, wakipokezana shoka moja. Unga wa bukari, ugali wao, wa mwaka mzima ulitoka humo. Hapakuwa na mahali pengine pa kuutoa.

Gari jeupe lilisimama njiani. Akashuka Ariel, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyevaa miwani ya jua, na nyuma yake mfanyakazi wake Guelord, aliyebeba simu kwenye kijiti. Ariel alikuwa mwandaaji wa Tamasha la Malakiti, siku tatu za teknolojia na muziki. Kwa wiki sita mji mzima wa Lubumbashi ulikuwa ukilitazama tamasha hilo kwenye simu. Ariel alikuwa ametangaza wanamuziki, ametangaza droni zitakazoandika jina la mji angani, ametangaza roboti itakayocheza. Uwanja tu ndio hakuwa nao.

"Mama Uyoga!" aliita kutoka njiani. "Haujaoza bado?"

Marie-Thérèse aliitambua sauti. Yeye alikuwa wa ukoo wa Uyoga, Bena Bowa. Ariel, kwa upande wa mama yake, alikuwa wa ukoo wa Mvua, Bena Mfula. Koo hizo mbili ni banungwe, watani tangu enzi za mababu. Uyoga hauoti bila mvua, na mvua isiyootesha uyoga ni maji ya bure, kwa hiyo kila mmoja humwita mwenzake mtumwa. Munungwe anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku wako huku akikutukana, nawe ukamsindikiza ukicheka. Jioni kuku anarudi. Maneno mnayosemezana yanafia palepale yaliposemwa, na anayekasirika ndiye anayeaibika.

"Nitaoza namna gani na weye hauna hata maji?" Marie-Thérèse alimjibu bila kugeuka. "Mwaka muzima unanguruma tu. Sawa tumbo ya mulevi."

Guelord aliinua kijiti.

"Mama, tunataka shamba," Ariel alisema. "Tunatia festival hapa. Weye uko mutumwa wetu, na shamba yako ni yetu. Lete."

Marie-Thérèse akamjibu kama munungwe anavyojibiwa. Alitupa jembe, akapanua mikono, akapaza sauti: "Chukua! Chukua shamba, chukua nyumba, chukua hata miye mwenyewe! Ukuye kunisugua mugongo kila mangaribi!" Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. Ariel naye akacheka. Mwanzo hadi mwisho zilikuwa sekunde kumi na nne.

Guelord alishusha kijiti.

Kisha Marie-Thérèse aliokota jembe na kusema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba mahindi bado mabichi, kwamba shamba halikodishwi wala halitolewi, kwamba hata baada ya mavuno jibu litakuwa hapana, na kwamba amsalimie mama yake. Ariel alisema ndiyo, mama. Alikuwa ameshaanza kuandika kwenye simu.

Video ilitoka saa sita mchana. Iliwekewa muziki, na juu yake maneno: MAMA WA KASUNGAMI ATOA SHAMBA LAKE KWA VIJANA. TAMASHA LIMEPATA NYUMBA. Jioni Kiki, binti wa Marie-Thérèse mwenye miaka ishirini na miwili, alirudi kutoka chuo cha ualimu akaingia ndani bila kuvua viatu.

"Mama, ulipana shamba?"

"Shamba gani?"

"Ya kwetu. Bantu elfu kumi na mbili banakuambia merci."

Marie-Thérèse aliitazama video mara moja. Alikubali kwamba anayecheka pale ni yeye, na kitambaa ni chake.

"Nilikuwa nacheza na munungwe," alisema. "Kila muntu anajua."

"Mu Kinshasa habajue. Mu Bruxelles habajue. Na hapa benye kujua, banacheka tu."

Siku zilizofuata video ilitembea. Vijana wa mtaa wa Bel-Air walijirekodi wakiwa na taulo begani, wakiigiza kusugua mgongo wa mtu asiyeonekana. Mama mmoja mwenye duka la vipodozi aliuza sabuni kwa sauti ya Marie-Thérèse. Watu ambao hawakuwa na mpango wa kwenda kwenye tamasha lolote walinunua tiketi ili wasije wakaulizwa kwa nini hawakuwapo. Kufikia Ijumaa video ilikuwa imetazamwa mara laki mbili na elfu kumi na mbili.

Jumamosi alfajiri watazamaji walifika.

Walikuja kwa miguu kwa barabara ya Kasungami, bila mizigo, kabla jua halijatoka. Walikuwa na urefu wa watu na nguo za watu. Nyuso zao ziliangazwa kutoka chini kwa mwanga wa buluu, ingawa mikononi hawakushika kitu, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kikipanda na kushuka. Walijipanga kuzunguka shamba, wakajaza njia, wakajaza nafasi kati ya nyumba, na waliokosa pa kusimama waliingia katika lupangu, nyua za majirani. Marie-Thérèse alipotoka kupiga mswaki walimtazama akipiga mswaki.

Mwape, jirani yake, ambaye huuza mikate ya kukaanga, alikanda unga mara mbili siku hiyo. Hawakununua. Aliwapa wawili bure. Mikate ilianguka chini.

"Ba vues, benye kuangalia video, habana tumbo," Mwape alitangaza, na akawaomba wasogee wasimzibie upepo wa jiko. Walisogea. Walikuwa wapole. Jumapili watu wa Kasungami waliokwenda misa walikuwa wameshazoea kusema pardon na kupita katikati yao.

Kila baada ya sekunde kumi na nne watazamaji walicheka, wote kwa pamoja. Kicheko kilikuwa cha Marie-Thérèse.

Jumatatu alivaa kitenge chake cha sikukuu, akachukua karatasi ya shamba yenye muhuri wa chifu wa ardhi, akaenda ofisi ya chifu wa mtaa. Watazamaji elfu kadhaa walimfuata. Chifu wa mtaa aliitwa Dominique, mtu wa ukoo wa Mbuzi. Wiki iliyotangulia munungwe wake wa ukoo wa Chui alimvua saa ya mkononi sokoni, mbele ya watu, akitangaza kwamba mbuzi hana haja ya kujua saa ya kuliwa. Jioni saa ilirudi. Dominique alikuwa ameivaa.

"Mama," alisema, "ulisemaka chukua, ao haukusemaka?"

"Nilisema na munungwe, Chef. Na weye unajua bunungwe."

"Miye Dominique ninajua. Bureau, hii ofisi, haijue."

Alifuata utaratibu. Aliita mashahidi watatu kutoka kwa waliosimama nje. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa jezi ya mpira. Aliposimama mbele ya meza alifungua kinywa, na sauti ya Marie-Thérèse ikatoka: "Chukua! Chukua shamba, chukua nyumba, chukua hata miye mwenyewe!" Alimaliza mpaka mgongo, akacheka, akafunga kinywa.

"Na kisha?" Marie-Thérèse alimuuliza. "Sema yenye ilifuata. Nilisema mahindi iko mubichi. Nilisema hapana. Sema!"

Mtazamaji alifungua kinywa tena. "Chukua!" alisema.

Wa pili alikuwa msichana mwenye nywele za kusuka. Wa tatu, mzee mwenye suti. Walitoa ushahidi uleule kwa sauti ileile na wakacheka mahali palepale. Dominique aliandika.

"Miaka kumi na moja niko hapa," alisema, "sijaona bashahidi benye kusikilizana hivi."

"Na karatasi yangu?"

Aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Karatasi yako iko na shahidi mumoja, ule chef wa udongo, na alishakufa. Ariel eko nao laki mbili, na bote bamesimama pale inje." Alipiga muhuri kwenye karatasi mpya yenye jina la Ariel. Kisha akainua kichwa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na akasema: "Mama, kama bashahidi banabadilisha maneno, nami ninabadilisha karatasi. Njo vile sheria iko. Ubaambie yenye kubakia. Bakiisema, unanikuta hapa."

Kutoka hapo Marie-Thérèse hakurudi nyumbani. Alikwenda mtaa wa Katuba kwa mama yake Ariel, Victorine, mkubwa wa watu wa Mvua waliobaki mjini. Victorine alikuwa ameketi uani akichambua mboga za lengalenga. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akampigia mwanawe simu na kuifungulia sauti.

"Ariel, unamurudishia mama shamba yake."

"Maman, ni buzz tu. Sasa eko star."

"Ni bunungwe, Ariel!"

"Ee, njo bunungwe. Nilichukua, na yeye anacheka. Angalia video, anacheka."

"Bunungwe unarudisha mangaribi, mujinga weye!"

Ariel alisema mtandao ni mbaya, na simu ikakatika. Victorine alipiga tena mara nne. Kisha aliiweka simu chini ya ungo na wanawake wawili wakachambua lengalenga pamoja mpaka zikaisha.

Jumatano saa mbili asubuhi tingatinga la njano lilifika. Dereva aliitwa Jeannot, na alikuwa na mke na watoto Kasungami hiyohiyo. Alimkuta Marie-Thérèse amesimama mbele ya mstari wa kwanza wa mahindi na Kiki ubavuni kwake. Nyuma yao na kila upande walisimama watazamaji. Walikuwa wamesonga mbele ili waone vizuri.

"Mama, toka," Jeannot alisema kutoka juu. "Ninakuomba. Banaweza kunifukuza kazi."

"Pita juu yangu, basi."

Jeannot alipiga honi. Watazamaji waliisikia honi, wakaipisha mashine. Njia ilifunguka mbele yake, pana na iliyonyooka, kana kwamba ilikuwa imepimwa. Polisi wawili waliokuja na tingatinga walimshika Marie-Thérèse makwapani wakamketisha kwenye kiti cha plastiki cha Mwape, kivulini, wakamwambia atulie asije akaumia.

Kiki aliwageukia watazamaji. "Muko laki mbili!" alipiga kelele. "Laki mbili! Mushike ile mashini! Musimame mbele yake! Munakosa nini? Muko na mikono!"

Waliinua mikono. Walionyesha vidole gumba. Kisha vifuani mwao vikaanza kutoka vipande vyekundu vyenye umbo la moyo, vikubwa kama nyanya, vikapanda angani polepole, vikageuka, vikaangukia mahindi. Tingatinga liliponda mahindi na mioyo kwa pamoja. Kufikia saa nne kazi ilikuwa imekwisha.

Wanawake wa mtaa waliokota masuke mabichi wakachemsha kutwa nzima, na usiku watoto waliumwa tumbo. Mioyo ilifagiliwa ikatupwa mtaroni. Kuku waliidonoa wakaiacha.

Alhamisi Guelord alileta bahasha kutoka kwa Ariel. Ndani yake mlikuwa na bangili mbili za kitambaa zilizoandikwa VIP na fulana yenye picha ya Marie-Thérèse, kinywa wazi, kitambaa cha kichwa kimelegea. Barua ilisema yeye ni mgeni wa heshima. Angepandishwa jukwaani Jumamosi saa kumi alasiri.

Kiki alichukua kiberiti.

"Acha," mama yake alisema. "Kule iko mikro. Ba vues bote batakuwa kule. Ninabaambia yenye kubakia, banasikia, Chef anabadilisha karatasi." Alivaa bangili mkononi. "Mahindi imekufa. Udongo haijakufa. Ile ninaweza kuirudisha."

Fulana aliikataa. Ilitumika kufutia sufuria.

Jumamosi walikwenda. Haikuwa mbali, walitoka nyumbani, wakavuka njia, wakaonyesha bangili mlangoni. Udongo ulikuwa umemwagiwa changarawe. Vijana waliotoka mitaa ya Golf na Kamalondo walikuwa wakijipiga picha chini ya herufi kubwa za plastiki. Roboti ilikuwa imeketi ndani ya kibanda cha kioo na tangazo kwamba imechoka. Droni tatu ziliandika LUB angani na ya nne haikuruka. Kila mtu aliwaambia waliobaki nyumbani kwamba ilikuwa nzuri kuliko ilivyosemwa.

Katika hema la teknolojia kijana mwenye tai alimsimamisha Marie-Thérèse. Alikuwa na skrini pana inayoonyesha shamba la mahindi, kijani kibichi, likipepea.

"Mama, weye unalimaka? Application yetu inakuambia kama udongo yako iko na maji. Unapiga tu picha."

"Ninalimaka."

"Wapi?"

Marie-Thérèse alionyesha kwa kidole chini ya meza yake, kati ya nyaya.

Kijana aliinama akatazama. "Ah," alisema. "Formidable. Muzuri sana." Akampa kalamu yenye jina la kampuni.

Saa kumi Ariel alipanda jukwaani akiwa amevaa koti la kung'aa. Orkestra ilikuwa tayari nyuma yake. Mbele walisimama watu elfu tisa walionunua tiketi, na nyuma ya hao, mpaka kwenye nyumba na kupita nyumba, walisimama watazamaji, buluu usoni, hata mchana. Ariel alitaja jina la Marie-Thérèse na watu wakapiga mayowe. Alimkumbatia. Sikioni alimwambia:

"Mama Uyoga, kidogo tu. Unasema chukua, unacheka, tunaingiza muziki."

Marie-Thérèse alichukua maikrofoni. Kiki alibaki chini ya ngazi, mikono kifuani. Mama alisubiri kelele zipungue kisha akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, ile aliyoisema baada ya kijiti kushushwa.

"Jina yangu ni Marie-Thérèse. Hapa munasimama iko shamba yangu. Nililima hapa miaka kumi na tisa. Ile siku nilikuwa nacheza na munungwe wangu, na kisha nilimuambia..."

Watazamaji walifungua vinywa.

"Chukua!" walisema, laki mbili na zaidi, kwa sauti yake. "Chukua shamba, chukua nyumba!"

Alisogeza maikrofoni karibu na mdomo. Alisema mahindi yalikuwa mabichi. Alisema alikataa. Alisema jina la David, na shoka, na mwaka. Waliokuwa mstari wa mbele waliona midomo yake ikienda na mishipa ya shingo ikisimama. Sauti waliyoisikia ilikuwa yake, lakini ilitoka nyuma yao, kutoka kila upande wa Kasungami, nayo ilimwalika Ariel amsugue mgongo. Alipopaza, ilipaa zaidi. Alipopiga kelele mpaka akakohoa, vinywa laki mbili vilicheka kwa sauti yake.

Mpiga ngoma alikuwa mtu mwenye masikio mazuri. Aliyasikia mapigo ndani ya sauti hiyo akaingia. Besi ikafuata. Elfu tisa waliokuwa na tiketi walishika neno: chukua, chukua. Waliruka. Ariel alimwondolea Marie-Thérèse maikrofoni mkononi kwa upole, kama mtu anavyomwondolea mgonjwa kikombe, na akaimba. Ulikuwa wimbo mzuri. Uliimbwa kwa dakika kumi na saba na ndio uliokuwa wimbo wa mwaka.

Marie-Thérèse alisimama jukwaani mpaka ulipokwisha, kwa sababu ngazi ilikuwa imejaa wacheza ngoma. Aliposhuka Kiki alimshika mkono.

"Balisikia?" Marie-Thérèse aliuliza.

"Hapana, mama."

"Hata mumoja?"

Kiki alitazama umati. Alikuwa analia kwa hasira na hakujaribu kuficha. "Miye nilisikia," alisema. "Nilikuwa karibu."

Jumatatu Marie-Thérèse alirudi kwa Dominique akampeleka Kiki kama shahidi. Dominique alimsikiliza Kiki kwa heshima, maneno yote, akayaandika katika mstari mmoja chini ya mistari ya wengine. Alisema sasa ni mmoja kwa laki tatu, maana idadi ilikuwa imepanda tangu Jumamosi.

Tamasha lilikwisha na jukwaa likabaki. Mwezi wa nne ulijengwa uzio wa matofali ya saruji, na mwezi wa tano likawekwa bango: KIJIJI CHA MALAKITI, UWANJA WA KUDUMU. Mwape alimpa Marie-Thérèse kona nyuma ya choo chake. Alipanda viazi vitamu. Nyumbani kwao unga ulianza kununuliwa kwa kikombe, na Kiki aliacha chuo akawa anauza mikate na Mwape. Watazamaji hawakuondoka. Wimbo uliwaleta wengine, na kufikia kiangazi walisimama mpaka kwenye reli. Wakazi walitundika nguo mabegani mwao zikauke. Chifu wa mtaa aliwatumia katika kesi nyingine mbili za mashamba, na zote zilikwisha haraka.

Mwezi wa nane Victorine alikufa Katuba, kwa ugonjwa wa siku tatu.

Maiti wa Mvua huoshwa na watu wa Uyoga. Ni kazi yao, na haifanywi kimya. Huingia wakitukana. Humwambia marehemu aamke, aache uvivu. Huiga mwendo wake na kikohozi chake. Hudai vyungu vyake. Humwambia mwenye msiba kwamba sura yake ya kulia ni mbaya kuliko ya maiti. Mwenye msiba hucheka huku machozi yanamtoka, na anapocheka ndipo watu hujua kwamba atapona. Kilio kisichocheka ni cha mtu asiye na kwao.

Marie-Thérèse alifika saa tatu asubuhi na wanawake wawili wa ukoo wake. Watazamaji waliomfuata walijipanga mistari barabarani. Uani watu walikuwa wamejaa kwenye viti vya kukodi, na walipomwona walinyamaza, wakasubiri, wengine wakiwa wameshaanza kutabasamu. Ariel alisimama mlangoni. Hakuwa na miwani. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama Uyoga," alisema, akashika mwimo wa mlango. Alijaribu tena. "Mama Uyoga, umekuya kutuibia sahani?"

Marie-Thérèse alimtazama.

"Pole sana, Bwana Ariel," alisema. "Maji ya moto iko wapi?"

Watu waliokuwa wakitabasamu waliacha. Ariel alitazama uani, kisha akamtazama yeye.

"Mama, nitukane," alisema kwa sauti ya chini. "Ninaomba. Mama yangu eko pale ndani. Nitukane kidogo tu, bantu basikie."

"Bwana," Marie-Thérèse alisema, "unionyeshe maji."

Alimwonyesha. Marie-Thérèse aliingia na wanawake wake, wakafunga mlango. Alimwosha Victorine vizuri, kuanzia kichwani, akisugua taratibu nyuma ya masikio na kati ya vidole, akambadilishia maji mara tatu, akampaka mafuta na kumfunga kitambaa kipya. Hakusema kitu. Wanawake wake walimtazama, na wao pia hawakusema kitu. Uani watu walisikia maji yakimwagika ndani ya beseni. Ariel alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mlango.

Nje, barabarani, watazamaji walicheka. Baada ya sekunde kumi na nne walicheka tena.